Stauti ya oti yenye kahawa ya Bugisu: kupika lita 20 nyumbani

Stauti ni bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa. Nyingi za kahawa zinazopikwa nyumbani huharibika kwa sababu moja: kahawa hutiwa mapema mno. Mtu anamwaga kahawa ya kusaga kwenye sufuria inayotokota, anaiacha humo nusu saa, halafu anashangaa kwa nini bia inaacha ladha ya jivu kooni na haina harufu yoyote ya kahawa. Harufu imekwenda na mvuke. Kilichobaki ni uchungu, na uchungu stauti inao tayari: shayiri ya kukaangwa imeuleta, hopsi (maua machungu ya kupikia bia) zimeuongeza. Katika bia hii kahawa haitafutwi kwa uchungu wala kwa weusi. Inatafutwa kwa harufu, na harufu haivumilii moto.

Kwa hiyo upishi wote hapa umepangwa kuanzia mwisho kurudi nyuma. Nafaka nyeusi zimepunguzwa ili kahawa ipate nafasi. Oti zimewekwa ili bia iwe laini mdomoni. Maji yanarekebishwa, kwa sababu maji ya Ziwa Victoria, pamoja na uzuri wake kwa bia nyepesi, huifanya bia nyeusi kuwa kali. Halafu kahawa yenyewe inaingia ikiwa baridi, bia ikiwa imekwisha kuchacha.

Stauti ya oti asili yake ni Uingereza. Ilipata soko mwishoni mwa karne ya 19, ikapotea kabisa karne iliyofuata, hadi kiwanda cha Samuel Smith cha Tadcaster kilipoirudisha mwaka 1980. Lakini mpishi wa Uganda haanzi sifuri. Anayeijua ajono ya Teso, au kwete, anajua tayari kwamba unga uliokaangwa juu ya moto huipa pombe rangi na harufu, na kwamba kimea ndicho kinacholeta utamu wa kuchachuka. Kinachoongezeka hapa ni kupima joto kwa makini.

Vipimo

Hivi ni vya lita 20 zinazoingia kwenye ndoo ya kuchachushia. Haidromita, kifaa kinachoonyesha wingi wa sukari kwenye maji ya kimea, isome karibu 1.060 mwanzoni na 1.016 mwishoni, ambayo ni kilevi cha asilimia 5.8 hivi.

- Kimea cha shayiri cha rangi hafifu, kilo 4.4
- Oti bapa za uji, gramu 600
- Kimea cha karameli cha rangi ya wastani, gramu 350
- Kimea cha chokoleti, gramu 250
- Shayiri ya kukaangwa, gramu 250
- Hopsi za East Kent Goldings zenye asidi ya alfa (ile inayoleta uchungu) asilimia 5, gramu 65
- Chachu ya bia ya Kiingereza, mfano Safale S-04, pakiti ya gramu 11.5
- Kahawa ya Arabika, gramu 150

Oti bapa zinazouzwa kwenye supamaketi kwa ajili ya uji zimeshapitishwa kwenye mvuke na kukandamizwa, kwa hiyo wanga wake umefunguka na zinaingia moja kwa moja pamoja na kimea. Soma boksi: zisiwe na sukari, maziwa wala ladha ya vanila. Oti nzima ni habari nyingine, hizo lazima zipikwe uji kwanza. Gramu 600 ni karibu asilimia 10 ya nafaka yote, na hapo ndipo pazuri. Ukifika asilimia 20 bia huanza kuteleza kama mlenda, na kabla ya hapo utakuwa umeshateseka kuchuja, kwa sababu oti zina betaglukani nyingi inayogeuza nafaka kuwa gundi.

Dawa ya gundi hiyo iko karibu sana na sisi: maganda ya mpunga. Mashine yoyote ya kukoboa, iwe Butaleja au Bugiri, inayo marundo yake. Chukua gramu 200, osha hadi maji yatoke safi, maana huja na vumbi jingi, kisha yamwagie maji yanayochemka na uyachuje. Yakichanganywa na nafaka hayaleti ladha yoyote. Yanaacha tu vijia vya maji kupita.

Wengi huuliza kama kimea cha wimbi au cha mtama, ambacho hupatikana sokoni kwa bei nafuu, kinaweza kushika nafasi ya kimea cha shayiri. Kwa sehemu ndogo, gramu 400 au 500, sawa. Zaidi ya hapo utapata shida mbili: wanga wa nafaka hizo hufunguka kwenye joto la juu kuliko la shayiri, na kimea chake hakina vimeng'enya vya kutosha vya kuubadilisha kuwa sukari inayochachuka. Kipimo cha kuanzia kitashuka na bia itakuwa na ukungu wa wanga.

Kukaanga shayiri mwenyewe

Shayiri ya kukaangwa haikuoteshwa. Ni nafaka mbichi iliyotiwa moto hadi kukaribia weusi, na ndiyo inayoitambulisha stauti. Shayiri hulimwa huku kwetu, Kapchorwa na Kween, na vilevile milima ya Kabale, sehemu kubwa ikiwa ya viwanda vya bia. Ukipata kilo moja safi, huna haja ya kununua iliyokaangwa nje.

Tumia kikaango kizito cha chuma au sufuria nene, gramu 300 kwa mara moja, moto wa wastani, na mwiko usiache kuzunguka. Dakika za kwanza hakuna kinachoonekana, unyevu tu unatoka. Kisha nafaka huanza kupasukapasuka, rangi inakuwa ya asali, na jikoni kunanukia biskuti. Wengi hutoa hapo, na ni mapema mno. Endelea. Rangi inaingia hudhurungi, moshi mwembamba wa bluu unaanza kupanda, na harufu inageuka kutoka mkate kwenda kahawa. Kuanzia hapa vunja punje moja kila dakika mbili na uangalie ndani. Nje ikiwa nyeusi na ndani bado nyeupe, moto ulikuwa mkali: utapata jivu bila kina. Unachotaka ni ndani kuwe hudhurungi iliyokolea sawasawa na nje pakaribie weusi. Kwa kawaida ni kati ya dakika 25 na 35.

Mwaga mara moja kwenye sinia pana na upepee, kwa sababu punje zikirundikana huendelea kuungua zenyewe. Zikipoa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, zikae wiki moja au mbili. Moshi mkali wa siku ya kwanza huondoka wenyewe. Pima gramu 250 baada ya kukaanga, siyo kabla, kwa kuwa uzito hupungua.

Kusaga: usipeleke kimea kwenye mashine ya posho. Utarudishiwa unga, na unga wa kimea pamoja na oti ni sementi. Kinu cha mkono cha kusagia mahindi kinatosha, kikilegezwa hadi kila punje ivunjike vipande vitatu au vinne na ganda libaki karibu zima. Oti hazisagwi.

Maji, na kipimajoto kinachodanganya

Maji ya bomba ya Kampala hutoka ziwani na husafishwa Ggaba na Katosi. Yana chumvi chache, na yana klorini. Klorini ndiyo ya kushughulikia kwanza, kwa sababu ikikutana na kimea hutoa harufu ya plasta na dawa ya hospitali ambayo hakuna kahawa inayoweza kuifunika. Chemsha maji yote dakika 15 jana yake, au tia nusu kidonge cha Campden kwenye lita 30, koroga, subiri dakika chache.

Jambo la pili ni uchachu. Nafaka nyeusi zina asidi, na maji laini hayana cha kuizuia, kwa hiyo pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ya mchanganyiko hushuka chini ya 5.2 na stauti inatoka nyembamba na yenye ukali unaouma pembeni mwa ulimi. Watu hudhani ni kahawa. Gramu 3 za soda ya kuokea kwenye maji ya kulowekea kimea hurudisha pH karibu na 5.4. Ongeza gramu 4 za kalsiamu kloridi kwa ajili ya chachu na ulaini. Ikiwa unatumia maji ya kisima kirefu, usitie soda kabla ya kupima kwa karatasi za pH, maana visima vingi vina maji magumu na hapo utaharibu kwa upande wa pili.

Sasa kipimajoto. Vitabu vinasema ukipime kwenye maji yanayochemka, kisome 100. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye 96. Kabale, karibu mita 2,000, ni 93 na kitu. Mtu anaona 96, anaamini kipimajoto kimepungukiwa na digrii nne, anaanza kuongeza nne kwenye kila anachosoma. Siku ya kupika anaamini yuko 67 wakati yuko 63. Kwenye 63 vimeng'enya hukata wanga kuwa sukari ndogondogo ambazo chachu huzila zote, na stauti inatoka kavu, tupu, oti zote zimekwenda bure. Hapa kwetu pima kwa barafu: barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, subiri dakika mbili, kisome sifuri. Hiyo haibadiliki Kampala wala Kabale.

Kuloweka na kuchemsha

Njia rahisi kuliko zote ni ya mfuko. Mwambie fundi akushonee mfuko wa kitambaa cha pazia jepesi la neti, mpana kuliko sufuria. Sufuria iwe ya lita 50 au karibu na hapo; mafundi wa Katwe, Kampala, wanaweza kukufungia koki chini yake.

Pasha lita 18 hadi 73, tia soda na kalsiamu, weka mfuko, kisha mwaga nafaka, oti na maganda ya mpunga taratibu huku mwenzako akikoroga. Mabonge ni wanga uliopotea, yavunje yote. Joto litatua kwenye 67. Kati ya 66 na 68 uko salama, na ukizidi kidogo kwenda 69 bia hii haitalalamika. Kama unatumia sigiri, iondoe sufuria juu ya makaa kabisa, usiiache "kwenye moto mdogo", kwa sababu makaa hayana moto mdogo. Funika, zungushia blanketi, subiri saa moja. Ikishuka chini ya 65, ongeza lita moja ya maji yanayochemka na ukoroge.

Inua mfuko, uache udondoke, kisha uzamishe dakika kumi kwenye lita 12 za maji ya 75 ndani ya ndoo, uinue tena, na uchanganye maji yote mawili. Kamua kwa wastani. Unapaswa kuwa na takriban lita 26. Machicha wape wenye nguruwe au kuku siku hiyohiyo. Kesho yake yatakuwa yananuka.

Dakika za kwanza za kuchemka ndizo za hatari. Povu la bia yenye oti hupanda ghafla na sigiri haina kifungo cha kuzima. Weka kikombe cha maji baridi mkononi na usiondoke hadi povu lizame. Pika nje. Makaa ya kutosha kuchemsha lita 26 ndani ya chumba kilichofungwa yanaua kwa hewa ya kaboni monoksaidi, na hiyo haina harufu ya kukuonya.

Povu likitulia, tia hopsi zote. Kwenye 96 uchungu wa hopsi hutoka polepole kuliko kwenye 100, tofauti ya robo hivi au zaidi kidogo, na ndiyo maana hapa ni gramu 65 na dakika 75 za kuchemsha mahali ambapo mapishi ya ng'ambo yangeandika 60 na 60. Stauti isiyo na uchungu wa hopsi huwa tamu ya kuchosha kufikia nusu chupa.

Kupoza lita 22 bila koili ya shaba ni kazi ya maji mengi: sufuria ndani ya beseni, maji yabadilishwe mara nne au tano. Njia ninayoiona bora kwa mazingira yetu ni dumu. Mimina maji ya kimea yakiwa bado moto, juu ya 85, ndani ya dumu jipya la daraja la chakula lenye alama ya namba 2 chini, libane hewa itoke, lifunge, lilaze ubavu dakika chache ili joto liue vijidudu kifuniko kizima. Asubuhi limepoa lenyewe. Hopsi zitaendelea kutoa uchungu humo, basi chemsha dakika 60 badala ya 75. Tia chachu siku hiyo inayofuata, usiliweke wiki. Na dumu liwe jipya kweli: yale ya njano yaliyotoka kwenye mafuta ya kupikia hayasafishiki, na mafuta hayo kidogo tu yanamaliza povu la bia yote.

Chachu na joto la mchana

Ndoo, mpira, kizibo cha hewa (kinachotoa gesi bila kuingiza hewa) na kila kitakachogusa bia baada ya moto kiwe kimeuawa vijidudu. Ukitumia Jik, mililita 4 kwa lita moja ya maji, dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa, la sivyo unairudisha ile klorini uliyoiondoa. Usiichanganye kamwe na siki wala asidi nyingine.

Tikisa maji ya kimea kwa nguvu dakika mbili ili yapate hewa, nyunyiza chachu juu. Hamira ya mkate iache jikoni: inachachusha, lakini haitui chini na inaleta harufu ya karafuu.

S-04 inataka digrii 18 hadi 20 ndani ya ndoo. Mchana wa Kampala unafika 27 au 28, na bia inayochacha hujipasha yenyewe digrii tatu nne juu ya chumba. Ikiachwa hivyo utapata ndizi mbivu na harufu ya rangi ya kucha. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ivishe fulana iliyolowa ambayo ncha yake inagusa maji, na ubadilishe chupa mbili za maji yaliyogandishwa asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua ladha. Baada ya hapo unaweza kulegeza.

Asiye na friji, au ambaye umeme wake ni wa kubahatisha, asipigane na hali ya hewa. Kuna chachu za Norway ziitwazo kveik, na aina ya Voss inachacha vizuri kati ya 30 na 38, inamaliza kwa siku tatu hadi tano, na harufu yake ya ganda la chungwa inakaa vizuri na kahawa ya Bugisu. Hiyo ihifadhi joto kwa blanketi usiku, basi. Kwa wengi Kampala, Jinja na Entebbe ni chaguo bora kuliko S-04 iliyopashwa hadi 27.

Kwa S-04 subiri siku kumi. Bia imekwisha pale haidromita inaposoma namba ileile mara mbili, siku tatu katikati. Mapovu kwenye kizibo si kipimo.

Kahawa

Kahawa nyingi ya Uganda ni Robusta, na Robusta ni ya kwetu kweli, inaota yenyewe msituni Kibale. Ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika, uchungu zaidi, na harufu ya udongo na nafaka. Katika stauti sifa hizo zinajirudia na zile za shayiri ya kukaangwa. Faida yake moja ni kwamba ina mafuta machache, na mafuta ya kahawa ndiyo yanayovunja povu. Robusta iliyooshwa vizuri, theluthi moja ya mchanganyiko, inaweza kukaa. Usinunue kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake, ukakikoboa mwenyewe, wala ile isiyochambuliwa: punje nyeusi na zenye ukungu hutaziona tena zikishakaangwa, lakini kwenye bia zitajitokeza.

Chaguo langu ni kahawa ya Bugisu, yaani Arabika ya kuoshwa kutoka Mlima Elgon, upande wa Sipi na Bududa. Ina uzito, ukakasi wa wastani, na harufu ya chokoleti na matunda meusi inayoingia moja kwa moja mahali oti na karameli zilipoacha wazi. Ile ya Rwenzori iliyokaushwa na ganda lake ina tunda kali zaidi. Ikiwa nzuri ni nzuri mno, ila ikikaushwa vibaya huleta harufu ya kuchacha ambayo mnywaji atadhani bia imeoza. Onja kikombe kwanza.

Ikaangwe wastani: itolewe baada ya mlio wa kwanza wa punje kupasuka kwisha, kabla ya mlio wa pili. Iliyokaangwa kidogo mno huipa bia harufu ya pilipili hoho mbichi, kasoro ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote katika bia za kahawa. Iliyokaangwa hadi kung'aa mafuta italeta jivu na kuua povu. Iwe na siku tatu hadi kumi tangu kukaangwa. Unga wa pakiti uliokaa dukani miezi hautoi ulichokuja kutafuta.

Saga gramu 150 kwa chembe kubwa, kama chumvi ya mawe. Chemsha lita moja ya maji, yapoe kabisa kwenye chombo kilichofunikwa, changanya na kahawa kwenye mtungi uliotakaswa, weka kwenye friji saa 16 hadi 18. Chuja mara mbili, ya pili kwa karatasi ya kuchujia, kwa sababu karatasi inabaki na mafuta mengi. Utapata mililita 700 hivi. Usikamue.

Usimwage zote. Mimina bia kwenye glasi nne, mililita 100 kila moja, na kwa sindano isiyo na ncha kutoka duka la dawa tia mililita 1, 2, 3 na 4 za kahawa. Nusa kabla ya kuonja, kuanzia ile ndogo. Kwenye 1 utasikia stauti iliyochangamka bila kujua ni kwa nini. Kwenye 2 kahawa inajitaja. Kwenye 4 mara nyingi stauti inapotea na unakunywa kahawa baridi. Wengi huishia kati ya 2 na 3, yaani mililita 400 hadi 600 kwa lita 20. Kumbuka bia hii haina gesi bado, na gesi itasukuma harufu mbele zaidi, basi ukisita kati ya mbili chagua iliyo ndogo. Kwa kiasi hicho chupa ya nusu lita ina kafeini pungufu ya kikombe kimoja.

Asiye na friji atumie punje nzima. Gramu 150 kwenye mfuko mdogo wa kitambaa uliochemshwa, pamoja na kijiko cha chuma cha kuuzamisha, ndani ya bia iliyokwisha kuchacha, saa 24, onja, saa 36 mwisho. Harufu hutoka safi, hata safi kuliko ya mtungi, ila huna namna ya kuipima tone kwa tone, na zikipita siku tatu ladha ya mbao na hoho inaingia.

Chupa

Chupa za kahawia za nusu lita za bia zetu ndizo zinazofaa: nene, na zinashika kizibo cha bati. Za kijani na nyeupe huruhusu mwanga uharibu hopsi. Zioshe ndani kwa brashi, zitakase, na ziangalie mdomoni kama zimemeguka.

Chemsha gramu 105 za sukari ya kawaida na glasi ya maji, ipoe, iwekwe chini ya ndoo safi pamoja na kahawa uliyopima, kisha vuta bia juu yake kwa mpira uliozama chini ili isirushe mapovu. Hewa ikiingia sasa kahawa hugeuka karatasi iliyolowa kwa wiki chache. Acha mashapo nyuma. Zitatoka chupa 36 hadi 38. Jaza hadi vidole viwili chini ya mdomo, funga, weka gizani kwenye digrii 22 hadi 26 wiki mbili. Gramu 105 ni za bia iliyokwisha kabisa: ukifunga kwenye 1.022 kwa haraka, chupa zitapasuka, na kioo cha chupa ya bia hukata mtu vibaya. Ukifungua ya kwanza na ikafoka yote nje, vaa glavu na miwani, zipeleke zote kwenye friji au barafu, kisha ulegeze vizibo kimoja kimoja.

Povu likikosekana wakati gesi ipo, chunguza glasi kwanza, hasa kama inaoshwa beseni moja na sufuria za mchuzi, halafu dumu, halafu kahawa iliyong'aa mafuta. Inywewe kwenye digrii 10 hadi 12. Ikitoka katikati ya barafu, oti na kahawa hazisikiki.

Harufu ya kahawa huanza kufifia baada ya wiki sita hadi nane, mapema zaidi kama chupa zinakaa stoo yenye joto. Stauti yenyewe haina haraka hiyo. Anayetaka kuweka nyingine hadi Krismasi apike hii hii, afunge chupa bila kahawa, na siku ya kunywa atengeneze mtungi mdogo wa kahawa baridi usiku wa kuamkia, kisha atie mililita 12 kwenye glasi kabla ya kumimina chupa nzima juu yake.